Njia Nane Zinaishia Kimara

Jumapili iliyopita shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alituchukua familia nzima twende Visiga, nje ya Dar es Salaam, tukaone kiwanja alichonunua. Mita 20 kwa 30, mchanga mweupe, mikorosho miwili, na mawe ya mpaka yaliyopakwa chokaa. Amepanga chumba na sebule Manzese kwa miaka kumi na mmoja, ameshahamishwa na wenye nyumba mara tatu, na siku hiyo alikuwa akitembea kutoka jiwe hadi jiwe akitupimia kwa hatua: hapa sebule, hapa jiko, hapa nitaacha nafasi ya mchicha. Mama mkwe alipiga dua. Watoto walipanda mkorosho. Nilifurahi naye kwa moyo wangu wote, na nasema hivyo mapema ili yanayofuata yasisomeke kama kumbeza.

Swali langu lilikuwa moja. "Shemeji, asubuhi utafikaje Posta, katikati ya jiji?"

Akanyoosha mkono upande ilipo barabara kuu. "Barabara ya njia nane imeshafika Kibaha. Wakiisogeza mpaka Mlandizi, mimi na Posta ni dakika hamsini tu, shemeji."

Dalali, aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake akisubiri kumaliziwa hela zake, akaitikia: "Hata arobaini na tano."

Tulibishana kuanzia hapo mpaka Kibamba ninapokaa mimi, tukaendelea mezani, tukaendelea kwenye simu usiku. Mume wangu aliondoka akaenda kulala. Nimeamua kuyaandika kwa sababu mabishano haya nayasikia kila mahali siku hizi: kwenye vikoba, saluni, kwenye misiba watu wakisubiri maiti itoke hospitali. Kila mtu wa huku kwetu anataka barabara isogezwe mbele na iongezwe upana. Mimi pia naitaka barabara. Ila nadhani tunaomba kitu kimoja huku tukihitaji kingine.

Kwa asiyeijua Barabara ya Morogoro, inatoka katikati ya Dar es Salaam, inapita Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara, Mbezi na Kibamba, inaingia mkoa wa Pwani, inaipita Kibaha na Mlandizi hadi Chalinze, halafu Morogoro na bara yote. Mwalimu anayekaa Kiluvya, mgonjwa wa Mlandizi, basi la Mwanza na lori la makontena linalokwenda Lubumbashi, wote mlango wao ni huu mmoja.

Nilihamia Kibamba mwaka 2009. Wakati huo kutoka Kimara kwenda Kibaha ilikuwa njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na lori likiharibika Temboni basi siku yako imekwisha. Natunza hesabu za duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Duka linafunguliwa saa mbili, lakini mimi nilikuwa naamka saa kumi alfajiri. Natoka gizani na tochi ya simu, nagombania daladala, nasimama kwa mguu mmoja mpaka Ubungo, na pale kwenye mataa ya Ubungo tunazima injini. Watu walikuwa wanashuka wanatembea hadi Shekilango, wanapanda gari jingine, na bado lile waliloliacha linawakuta. Mwanangu wa kwanza alijifunza kusoma kwenye mabango ya matangazo ya foleni ile. Nikirudi usiku alikuwa amelala. Kuna miaka mitatu ya maisha yake ambayo mimi nilimwona macho siku ya Jumapili tu. Miaka hiyo haipo tena popote pa kwenda kuidai.

Kwa hiyo hakuna anayeweza kuniambia kwamba sijui maana ya foleni.

Nimeyaona mabadiliko kwa macho yangu. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Mei 2016, mwendokasi kama tunavyoyaita, kutoka Kimara hadi Kivukoni kwenye njia yake yenyewe ya katikati, mara ya kwanza nilifika Gerezani kutoka Kimara kabla sijamaliza kusali rozari yangu vizuri. Nilishuka nikasimama kituoni, sikujua nifanye nini na muda ule wote. Februari 2021 ikafunguliwa barabara ya juu ya Ubungo, ile ya ngazi tatu, ikapewa jina la Balozi John Kijazi aliyekuwa Katibu Mkuu Kiongozi na aliyefariki wiki moja kabla. Mataa yaliyotuzeesha yakaondoka. Na katikati ya hayo ikaja kazi ya kupanua Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, njia nane, pamoja na madaraja mapya ya Kibamba, Kiluvya na Mpiji.

Njia nane hizo hazikupita hewani. Zimepita juu ya nyumba.

Mwaka 2017 wapimaji walipita na rangi nyekundu wakaweka alama ya X kwenye kuta kuanzia Kimara kuja huku. Hoja ilikuwa kwamba hifadhi ya barabara kwa kipande hiki ni mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa sheria iliyotungwa enzi za mkoloni. Wakazi walikuwa wameishika Sheria ya Barabara ya 2007, inayotaja mita 30 kila upande kwa barabara kuu. Wengine walikwenda mahakamani. Tingatinga halikusubiri. Nyumba zilizoanguka zilihesabiwa kwa mamia na mamia: makanisa, misikiti, vituo vya mafuta, maduka, nyumba za wastaafu waliomalizia kiinua mgongo chao kwenye matofali.

Mmoja wao nitamwita Mama Salima, siyo jina lake. Alikuwa na nyumba ya vyumba vitano Temboni, aliyoijenga na marehemu mume wake kidogokidogo tangu miaka ya tisini. Alikuja kupanga vyumba viwili vya uani kwetu. Alikuja na milango. Watu wengi walifanya hivyo, walikuwa wanang'oa mabati, nondo, madirisha na milango kabla ya tingatinga kufika ili wapate pa kuanzia. Miwili aliiuza. Mlango wa mbele hakuuza, mninga mzito wenye maua ya kuchonga, na mpaka leo umeegemezwa ukutani nyuma ya vyumba vyake, umefunikwa turubai ili usiliwe na mvua. Kila asubuhi anauza chai na chapati kituoni kwetu, upande wa kwenda mjini. Nilipomuuliza kuhusu barabara, alinijibu bila hasira: "Barabara nzuri, mwanangu. Nyumba yangu ipo chini ya njia ya tatu."

Sasa turudi kwa shemeji na dakika zake hamsini.

Barabara pana inaishia wapi? Hilo ndilo jambo ambalo watu wa huku tunalijua kwa mwili lakini hatulisemi kwenye mikutano. Unatoka Kibaha vizuri kabisa. Unapita Kiluvya, Kibamba, Mbezi, gari inateleza. Njia nne zote zinaelekea mjini. Halafu unafika Kimara. Kuanzia hapo kwenda Ubungo, magari ya kawaida yana njia mbili tu za kuelekea mjini, kwa sababu katikati pamewekwa njia ya mwendokasi. Nne zinaingia mbili. Ukichukua debe zima la mafuta ya taa ukalimimina kwenye mdomo wa kibatari, upana wa debe haukusaidii chochote, utachafua meza tu. Ndiyo maana foleni haikufa, ilihama. Zamani ilianzia Mbezi, siku hizi inakusubiri Stop Over na Kimara Mwisho, na tunaifikia kwa kasi zaidi.

Ukisogeza njia nane mpaka Mlandizi, Kimara itabaki palepale. Utakuwa umeongeza ukubwa wa debe.

Shemeji alinijibu, "Basi wapanue na Kimara mpaka Ubungo." Sawa. Halafu Ubungo mpaka Magomeni? Manzese wavunje ghorofa zilizogusana ukuta kwa ukuta pande zote mbili? Na yakifika Posta na Kariakoo magari hayo yaegeshwe wapi, wakati leo gari la bosi wangu linazunguka mitaa ya Kariakoo nusu saa kutafuta pa kusimama? Barabara inaweza kupanuliwa Kibaha kwa sababu kuna nafasi. Mwisho wa safari hauna nafasi, na hautakuwa nayo.

Kuna jambo la pili, nalo lilikuwa limesimama mbele yetu pale Visiga, limevaa kofia na limekaa juu ya pikipiki. Yule dalali. Barabara ya Kibaha haijamaliza hata miaka mingi, lakini bei ya viwanja vya Kibamba na Kiluvya imeshapanda hadi mtu wa mshahara wa shemeji hawezi kuvigusa. Kwa hiyo anasukumwa Visiga. Dalali anamuuzia kiwanja kwa kutumia barabara ambayo haijajengwa. Barabara ikijengwa, Visiga nayo itapanda, na mdogo wake shemeji atasukumwa Vigwaza, mbele zaidi. Kila mmoja wao atanunua gari la mkopo kwa sababu daladala hazifiki barabara ya vumbi ya kiwanja chake. Na kila mmoja atakutana na mwenzake Kimara saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Takwimu za sensa zinasimulia hadithi hiyohiyo. Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 4.36 mwaka 2012 na milioni 5.38 mwaka 2022. Ni ongezeko kubwa. Lakini tazama jirani yake: mkoa wa Pwani ulitoka watu milioni 1.1 hadi zaidi ya milioni 2.0 kwa miaka hiyohiyo kumi. Karibu mara mbili. Wapo miongoni mwao wanaolala Pwani na kufanya kazi Dar. Wanahesabiwa kitandani, lakini mchana wapo kwetu barabarani.

Wenzetu wameshapita njia hii. Nairobi walimaliza barabara kuu ya Thika mwaka 2012, kilomita kama 50, njia nane na zaidi kwenye vipande fulani. Nilikwenda harusini Ruiru miaka michache baadaye na nikaona ghorofa za kupangisha zimeota kando ya barabara kama uyoga baada ya mvua, na waliohamia humo wote walikuwa na safari moja ya asubuhi. Foleni ikarudi, ikakaa Muthaiga na Pangani, pale barabara pana inapokutana na jiji. Kule Marekani, Houston walipanua barabara yao ya Katy hadi ikafika njia 26 ukihesabu na zile za pembeni, wakaimaliza 2008 kwa dola bilioni 2.8. Kati ya 2011 na 2014 safari ya jioni kutoka mjini kwenda vitongoji iliongezeka muda kwa zaidi ya nusu. Njia ishirini na sita! Wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha utafiti wao mwaka 2011 kuhusu miji ya Marekani, wakakuta kwamba kilomita za barabara zikiongezeka, kilomita zinazoendeshwa na magari nazo huongezeka kwa kiasi kilekile karibu. Barabara inazaa wasafiri wake.

Nilimsomea shemeji hayo kutoka kwenye simu. Alinisikiliza, halafu akasema jambo ambalo sikuwa na jibu lake la haraka.

"Shemeji, wewe una nyumba Kibamba. Ulinunua 2009. Leo unaniambia mimi nisiende mbali na pia barabara isinifuate. Niende wapi?"

Nilinyamaza. Alikuwa na haki. Mwenye kushiba hamjui mwenye njaa, na mimi nimeshiba kiwanja. Mazungumzo mengi kuhusu upanuzi wa barabara yanaendeshwa na watu ambao tayari wamefika walipotaka kufika. Kumwambia kijana wa Manzese kwamba barabara inazaa foleni, wakati yeye anatafuta pa kuweka kitanda chake kisichohamishwa na mtu, ni kumpa jibu la swali ambalo hakuuliza.

Akaongeza la pili: usalama. Kuanzia inapoishia barabara pana kuelekea Mlandizi na Chalinze, malori na mabasi yanapishana kwenye njia mbili, watu wanajaribu kupita mbele ya lori kilimani, na ajali za pale tumeshazizika. Mimi mwenyewe nimekwenda kwenye mazishi ya mwenzetu wa kwaya aliyekufa kwenye kipande hicho. Hapo nakubaliana naye moja kwa moja. Kuongeza njia ili magari yasigongane uso kwa uso ni jambo la uhai, lifanyike hata kesho. Lakini hiyo ni sababu nyingine na barabara yake ni nyingine: njia ya kupandia malori mlimani, ukuta wa kutenganisha pande mbili, taa, mahali pa kuvukia. Tukichanganya hoja ya ajali na hoja ya foleni tutajengewa kitu cha kasi, na kasi haitapunguza vifo.

Na malori je? Kila anayebishana kuhusu barabara hii anayalaumu malori, na ana haki kiasi. Mzigo wa Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi ukitoka bandarini unapita humuhumu tunamopita na watoto wa shule. Julai 2025 ilizinduliwa bandari kavu ya Kwala, huko Kibaha vijijini, pamoja na treni za mizigo za reli ya kisasa. Kontena likipanda treni bandarini likashukia Kwala, lori lake halina sababu ya kuiona Kimara. Sijui mtu yeyote mtaani kwetu anayelizungumza hili kama suala la foleni, wakati ndilo jambo kubwa kuliko yote lililofanyika kuhusu foleni yetu bila kumwaga lami hata kidogo. Kila treni ya makontena ni msururu wa malori usiokuwepo mbele yako. Natamani diwani wetu angelidai hilo kwa sauti ileile anayodai taa za barabarani.

Hata hospitali imetufundisha. Zamani mgonjwa wa Kibaha au Kibamba mwenye tatizo kubwa alipelekwa Muhimbili, Upanga, na ambulensi ilikuwa inapiga king'ora mbele ya magari yasiyo na pa kukwepea. Tangu hospitali ya Mloganzila ifunguliwe huku Kwembe, mama mkwe anakwenda kliniki ya sukari kwa bajaji. Hiyo ni safari moja ya mjini iliyofutika kila mwezi, yeye na wa kumsindikiza. Upande wa pili, kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilipohamishwa kutoka Ubungo kuletwa Mbezi mwaka 2021, abiria wa Mbeya aliyekuwa anashukia Ubungo sasa anashukia Mbezi na mabegi yake, halafu anatafuta usafiri wa kuingia mjini. Basi kubwa limeondoka barabarani, bajaji, teksi na daladala zimeingia. Ukihamisha kitu, uliza mtu wake ataelekea wapi baada ya hapo.

Ipo pia habari ya barabara ya kulipia. Kwa miaka sasa Serikali imekuwa ikizungumzia barabara kuu ya magari ya kasi kutoka Kibaha hadi Chalinze na kuendelea Morogoro, ijengwe kwa ubia na sekta binafsi, mtumiaji alipe. Kwa basi la mikoani na lori, naielewa. Kwa mtu wa Visiga anayekwenda kazini kila siku, naogopa. Wenzetu wa Kigamboni wamelipia Daraja la Nyerere tangu 2016, na tozo zilishushwa 2022 baada ya malalamiko ya miaka. Nairobi nako wana barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, tangu 2022. Mwenye hela anapita juu, na chini yake matatu, daladala za kwao, zinaendelea kusubiriana.

Basi mimi nataka nini? Shemeji aliniuliza hivyohivyo, saa nne usiku, kwenye simu, sauti imechoka.

Nilimwambia achukue kalamu.

Njia moja ya barabara kuu, magari yakipita vizuri bila kusimama, inapitisha magari kama 2,000 kwa saa. Tukubali kila gari lina watu wawili, ingawa asubuhi ukichungulia madirishani utakuta wengi wako peke yao. Hao ni watu 4,000. Sasa chukua njia hiyohiyo moja, uwape mwendokasi. Basi refu la mita 18 linabeba watu wapatao 140. Likipita moja kila dakika, ni watu 8,400 kwa saa. Mara mbili na zaidi, kwenye lami ileile, bila kuvunja nyumba nyingine hata moja.

Miundombinu ya awamu ya kwanza ya mwendokasi inaishia Kimara. Kutoka Kimara kuja Kibaha barabara ni pana, imeshajengwa, imeshalipiwa kwa kodi na kwa nyumba za watu. Nataka njia moja kila upande wa barabara hii iliyopo itengwe kwa ajili ya basi, izungushiwe, iwe na vituo vyenye paa na vivuko vya juu, kutoka Kimara hadi Maili Moja, pale Kibaha, kabla hatujamwaga lami ya njia ya tisa popote. Basi halitakutana na mdomo wa kibatari pale Kimara, kwa sababu njia yake pale ipo tayari na inaendelea mpaka Kivukoni. Ni chombo pekee ambacho barabara yake inafika mjini bila kubanwa.

"Mabasi yenyewe yako wapi?" shemeji akasema. "Kimara watu wanaingilia madirishani."

Kweli. Hilo ndilo jeraha, na aliyewahi kusimama Kimara saa kumi na mbili asubuhi hahitaji kusimuliwa. Njia ya basi bila mabasi ni kiwanja cha watoto kuchezea. Nimemwona mama mjamzito akiangalia mabasi matatu yakiondoka kwa sababu hana nguvu ya kusukumana. Watu waliouacha mwendokasi wakarudi kwenye daladala au wakakopa gari hawakuwa wakaidi, walichoka kudhalilishwa. Ndiyo maana nasema dai letu la kwanza kwenye kila mkutano liwe mabasi, idadi yake, na ratiba yake iliyobandikwa kituoni ambayo mtu anaweza kuishika na kuuliza. Sisi huku tuna mazoea ya kuisifia lami kwa sababu lami inaonekana. Ukiipanda jukwaani unaionyesha kwa kidole. Basi linalokuja kila dakika huwezi kulikatia utepe, lakini ndilo lingenirudishia ile miaka mitatu ya mwanangu.

Nikamwambia pia kuhusu kuvuka, kwa sababu watu wenye magari hulisahau. Zamani Mama Salima alikuwa anavuka njia mbili na jiko lake la mkaa. Sasa anavuka nane. Anatoka saa kumi na nusu, giza, beseni la chapati kichwani, birika mkononi, na magari yanakuja kwa kasi ambayo barabara pana inaialika. Nimeanza kumsindikiza. Tunasimama pembeni, tunahesabu taa zinazokuja, tunakimbia mpaka katikati, tunasimama tena. Ana miaka sitini na nne. Akifika ng'ambo huwa anashika goti kwanza kabla ya kuwasha mkaa. Hizo ndizo njia nane kwa mtu asiye na gari, na huku kwetu wasio na gari ndio wengi.

Shemeji hakukubali yote. Bado anataka barabara ifike Mlandizi, na nilipomkumbusha ajali nami nikajikuta nakubali nusu ya anachotaka. Bado ananiona nina maneno ya mtu aliyewahi. Lakini juzi jioni alipita nyumbani akitokea kununua saruji mifuko kumi ya kuanzia msingi. Aliniambia watu wa Visiga wana mkutano wa kitongoji mwisho wa mwezi, na ajenda ya kwanza ni barabara. Wataandika barua.

"Zile hesabu zako za basi," akasema, "niandikie."

Hakukuwa na karatasi karibu. Alitoa risiti ya saruji mfukoni, akaigeuza, akaiweka juu ya meza. Nikaandika: 2,000 mara 2. Chini yake: 140 mara 60. Chini kabisa nikaandika Kimara hadi Maili Moja, njia iliyopo, vivuko, mabasi mangapi kwa saa. Mama Salima alikuwa mlangoni akisubiri kurudishiwa kikombe. Akaomba asomewe. Nikamsomea polepole, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza njia ya basi itakuwa ya ngapi kutoka pembeni.

"Ya katikati," nikamwambia. "Ya nne."

"Basi ni jirani na kwangu," akasema.

Shemeji akaikunja risiti mara mbili, akaiweka kwenye bahasha pamoja na hati ya mauziano ya kiwanja.